Kuchanganya insulini mbili kwenye bomba moja: ya maji kwanza, ya maziwa baadaye

Aliyepangiwa Actrapid (insulini ya haraka) na Insulatard (ya polepole) kwa wakati mmoja si lazima ajichome mara mbili. Zinakubaliana ndani ya bomba moja la sindano, mradi zivutwe kwa mpangilio. Ila usizimimine zote kwenye kichupa kimoja ukaziweka akiba: uwiano utakuwa umeufunga, na daktari akibadilisha dozi ya mojawapo, dawa yote imeharibika. Mchanganyiko wa kudumu unapatikana tayari kutoka kiwandani, mfano Mixtard 30, ambayo ni asilimia 30 ya ile ya haraka na 70 ya ile ya polepole.

Kwanza soma maandishi. Kichupa kikiandikwa yuniti 100 kwa mililita, bomba nalo liwe la yuniti 100. Kwa kawaida kifuniko chake ni cha rangi ya chungwa. Yapo pia mabomba ya yuniti 40, yenye kifuniko chekundu. Ukivuta insulini ya 100 hadi alama ya 20 kwenye bomba la 40, umechukua nusu mililita, yaani yuniti 50 badala ya 20. Sukari itashuka hadi mtu azimie. Angalia na mistari: mabomba mengi ya mililita 1 yanahesabu mbilimbili, kwa hiyo dozi ya 7 au 13 inataka bomba la nusu mililita, ambalo mstari mmoja ni yuniti moja.

Tuchukue mfano wa yuniti 8 za Actrapid, iliyo angavu kama maji, na 16 za Insulatard, nyeupe kama maziwa. Hizi ni namba za kufundishia tu. Zako ni zile ulizoandikiwa kliniki.

Hatua ya 1. Nawa mikono kwa sabuni. Kiviringishe kichupa cha maziwa katikati ya viganja mara 10, kisha kipindue taratibu mara 10. Usikitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi, utatengeneza povu. Weupe uenee sawasawa. Ukiona vipande vinavyoelea, au utando kama barafu umeganda kwenye kioo, kitupe. Ya maji ikiwa na ukungu, nayo itupe.

Hatua ya 2. Futa mipira ya vichupa vyote viwili kwa spiriti, uache ikauke.

Hatua ya 3. Vuta hewa yuniti 16, uisukume ndani ya kichupa cha maziwa kikiwa kimesimama mezani. Ncha ya sindano isiguse dawa. Chomoa bila kuvuta chochote.

Hatua ya 4. Vuta hewa yuniti 8, iingize kwenye kichupa cha maji. Sasa kipindue sindano ikiwa ndani na uvute hadi 8. Viputo vikionekana, gonga bomba kwa kidole, virudishe, uvute tena. Kiputo chini ya ngozi hakiui. Kinachoharibu ni kwamba kimekaa mahali pa dawa.

Hatua ya 5. Rudi kwenye maziwa, kipindue, vuta polepole hadi jumla ifike 24. Hapa ndipo hewa ya hatua ya 3 inapofanya kazi. Bila hewa hiyo, kichupa kinanyonya na kinaweza kumeza ile ya maji uliyokwisha kupima. Ukipitisha hadi 26, usirudishe ziada, maana hujui imetoka ipi. Tupa yote, anza upya na bomba jipya. Inauma kumwaga dawa ya bei, lakini hakuna njia nyingine.

Kwa nini maji yatangulie? Ile ya maziwa ina protamini, inayoishika insulini ili iachiliwe taratibu. Tone lake likiingia kwenye kichupa cha Actrapid, linaishika na hiyo, na dawa uliyotegemea ikimbizane na chakula inaanza kuchelewa. Huenda usione kitu siku ya kwanza, lakini matone yanajumlika, na sukari ya baada ya kula inabaki juu ijapokuwa dozi ni ileile.

Hatua ya 6. Choma papo hapo, tumboni au pajani, ukihama kidogo kutoka ulipochoma jana. Hesabu hadi 10 kabla ya kuchomoa. Chakula kiwe tayari ndani ya nusu saa.

Kichupa kilichofunguliwa andika tarehe na ukitumie kwa wiki 4. Pasipo na friji, chungu cha udongo chenye maji, kivulini, kinatosha; dawa ikae juu, isilowe.

Na usidanganywe na rangi: Lantus, insulini nyingine, nayo ni angavu kama maji, lakini imeyeyushwa kwenye tindikali. Haichanganywi na insulini yoyote, hata kidogo. Hiyo ina bomba lake na tundu lake.