Bogenvilia imejaa majani na haitoi maua? Inyime maji

Watu wengi hapa Kisumu wanapanda bogenvilia kando ya ukuta alafu wanaimwagilia kila jioni kama sukuma wiki, mwishowe inajaa majani tu. Huu mmea asili yake ni Amerika Kusini, pande za Brazil na majirani zake, na ukiudekeza sana hautoi maua.

Kuanza si lazima ununue mche, omba jirani tawi. Chukua lililokomaa, unene wa penseli, kata kipande cha sentimita 15 hadi 20, toa majani ya chini, chomeka kwa karatasi ya miche yenye mchanga na samadi kidogo iliyooza na uweke kivulini. Weka vipande kadhaa, maana vingine vitakufa tu. Na vikianza kuchipuka usikimbilie kuhamisha, majani yanaweza kutangulia mizizi, ngoja kama miezi miwili ama zaidi. Siku ya kuhamisha pasua karatasi na wembe, usivute mche, mizizi yake inakatika haraka sana.

Mahali pawe na jua angalau masaa 6 kwa siku, hapo hakuna kubembelezana. Wale wa Ahero na Kano yote, ule udongo mweusi ukishika maji mizizi inaoza, so inua tuta na uchanganye mchanga na kokoto. Nakuru udongo wao haushiki maji hivyo, shida ni baridi, itakua polepole kuliko huku.

Haijishikilii ukutani yenyewe, lazima uifunge kwa waya ama chainlink matawi yakiwa bado laini. Ikishashika vizuri ngoja udongo ukauke na majani yaanze kulegea kidogo ndio umwagilie, lakini siku hiyo mwaga ya kutosha hadi chini. Mbolea ya CAN achia mahindi, hapa itakupea majani tu. Zile rangi unaona zenyewe ni majani, ua la kweli ni kale kadogo keupe katikati, ndio maana rangi inakaa wiki nyingi.

Rangi ikiisha kata ncha za matawi, maana maua yanakuja kwa machipukizi mapya, ukiogopa kukata utabaki na kichaka. Vaa glavu, na matawi yaliyokatwa usiyatupe njiani, hiyo miiba inatoboa tyubu za boda na slipa za watoto.