Kugawa barua na vifurushi Tanga mjini

Usiwashe pikipiki kabla hujapanga mzigo. Mwaga barua zote mezani, uzitenge kwa postikodi: 21 ya mwanzo ni mkoa, tarakimu ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata. Kila kata ipange kwa mtaa, kisha kwa namba za nyumba jinsi utakavyozipita njiani, na ufunge kila mtaa kwa mpira wake. Fungu la mwisho kugawiwa ndilo linaloingia kwanza. Vifurushi vizito vikae chini hata kama vinashuka mapema. Vikiwa juu pikipiki inayumba na bahasha zinapondeka. Barua iliyoandikwa S.L.P. tu usihangaike nayo, ni ya sandukuni.

Ngamiani ndiko wageni wa kazi wanakopotelea. Barabara zake zina namba, basi mteja anakwambia "nipo ya nane", anadhani amemaliza. Barabara yenyewe ndefu, njia zinaikata kila hatua. Tena juu ya bahasha utakuta "8 Ngamiani", hujui ni barabara au nyumba. Piga simu ungali ofisini, uulize namba iliyo kwenye kibao cha nyumba, makutano ya karibu, na mlango umetazama upande gani. Majibu yaandike kwa penseli pembeni ya bahasha; wino ukiloa unachafua anwani.

Maduka na ofisi yaanze asubuhi, majumbani baadaye. Ijumaa maliza maduka kabla ya saa sita mchana, la sivyo utakuta milango imefungwa, watu wako msikitini. Masika kila fungu livae nailoni yake, maana boksi la pikipiki huvuja kwenye bawaba.

Ukifika piga hodi na usimame pembeni ya mlango, usichungulie ndani. Barua ya rejista haiachwi kwa mtoto wala jirani: tazama kitambulisho, mpokeaji aandike jina kamili, saini na saa. Mkwaruzo peke yake haukuokoi siku mzigo ukidaiwa.

Mteja anayelipia mlangoni akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, usimkabidhi bado. Angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe wa kughushi unafanana na wa kweli hadi nukta.

Usipomkuta mtu, andika sababu hapohapo: "hayupo", "amehama", "simu haipatikani". Ukingoja jioni utazichanganya.