Kuvuta kempa milimani bila kuunguza giaboksi

Ukiishi Denver, kiangazi hakipiti bila mtu kwenye kundi la WhatsApp kutoa wazo la kukodi kempa, lile tela la kulala, na kupeleka watoto milimani. Wazo zuri. Ila wengi wetu tulijifunzia gari la gia za mkono, na la otomatiki tunalichukulia kama kitu kinachojiendesha chenyewe. Ukiwa na tela la tani mbili nyuma kwenye barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi, halijiendeshi.

Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Handaki la Eisenhower, maili kama 60 mbele, liko karibu mita 3,400. Kazi yenyewe inaanzia Georgetown: kutoka hapo hadi handakini hazifiki maili 15, na unapanda takriban mita 800. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 kutoka usawa wa bahari, maana hewa inazidi kuwa nyepesi, kwa hiyo huko juu inavuta ikiwa imepungukiwa karibu theluthi. Na hewa hiyo hiyo nyepesi ndiyo inayotegemewa kupoza rejeta.

Joto la giaboksi chanzo chake kikubwa ni konveta, ile inayokaa mahali ambapo gari la gia za mkono lina klachi. Ndani yake nguvu ya injini inapitia kwenye oili inayozungushwa. Barabara ikiwa tambarare, konveta inajifunga, na injini na giaboksi vinazunguka pamoja. Ukipanda kwa gia kubwa huku mzigo unakurudisha nyuma, inajifungua, oili inasukwasukwa, na nguvu ambayo ingekupandisha inaishia kuwa joto. Gari likianza kuhangaika na gia, inaingia na kutoka, inaingia na kutoka, ujue umeshafika hapo.

Usiitegemee geji ya joto kwenye dashibodi. Hiyo inapima maji ya injini, na inaweza kukaa katikati imetulia huku giaboksi inaungua. Kama gari lako halina geji ya giaboksi, nunua kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani. Magari mengi hukubali kusoma joto la giaboksi kupitia simu. Nyuzi 175 hadi 200 za Farenhaiti (80 hadi 93 za Selsiasi) ni salama. Ikifika 220, punguza mwendo. Ikikaribia 250, tafuta pa kusimama.

Kabla ya kilima kuanza, bonyeza kitufe kilichoandikwa Tow/Haul (cha kuvuta mzigo), kisha shusha gia mwenyewe, ya tatu au ya nne, kabla gari halijalemewa. Kaa njia ya kulia pamoja na malori, maili 40 au 45 kwa saa. Injini itapiga kelele, pengine mizunguko 4,000 kwa dakika, na abiria watakuuliza kama gari limeharibika. Halijaharibika. Kinachoua giaboksi ni kung'ang'ania gia kubwa kwa mizunguko midogo ili gari lisikike limetulia.

Kibaya kuliko kilima ni foleni kilimani. Kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, konveta haipati nafasi ya kujifunga wala hewa haipiti mbele ya rejeta. Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi njia hiyo hujaa. Toka kabla ya alfajiri, au nenda katikati ya wiki.

Joto likikuzidi, egesha mahali tambarare nje ya barabara kuu, lakini usizime injini. Ukizima, pampu inasimama na oili ya moto inabaki palepale. Vuta handibreki, zuia magurudumu, weka N, maana kuna giaboksi ambazo zikiwa kwenye P hazipeleki oili ya kutosha kwenye kipozeo. Acha injini iungurume hadi namba irudi chini ya 200.

Mengine yanamalizwa nyumbani. Vuta kempa tenki lake la maji likiwa tupu. Lita 150 ni kilo 150, na huko kambini mara nyingi maji yapo. Kreti za soda, majiko na nyama ya watu kumi na wawili nazo zina uzito, hata kama hakuna anayezihesabu. Soma kitabu cha gari ujue linaruhusiwa kuvuta kiasi gani, hasa kama lina giaboksi ya CVT (ile otomatiki isiyo na gia za hatua), maana nyingi za aina hiyo hazikutengenezwa kwa mizigo mizito. Fundi akufungie kipozeo cha ziada cha oili kama gari halikuja nacho.

Ukitoka handakini kwenda Silverthorne, mteremko unafika asilimia 7 na kuna njia za dharura za malori yaliyokatika breki. Shuka kwa gia ile ile uliyopandia, kama wanavyofanya madereva wa malori kwenye mlima Kitonga, Tanzania.

Ukirudi, chomoa kijiti cha oili ya giaboksi kama gari linacho. Iliyo nzima mara nyingi ni nyekundu. Ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, lipeleke gari kwa fundi aibadilishe kabla ya safari nyingine, hata kama tarehe ya sevisi haijafika.