Laptop yako iendeshwe na NetworkManager au systemd-networkd?

Hizi mbili ni programu za Linux zinazosimamia mtandao, yaani mameneja wa neti. Kabla hujainstoo chochote angalia nani yuko kazini tayari, maana watu wengi wanaongeza meneja wa pili juu ya wa kwanza halafu wanalalamika neti inakatakata, kumbe ni wawili wanagombania kadi moja ya mtandao, huyu anaweka IP na huyu anaifuta. Kwenye terminali piga `nmcli device` (amri ya NetworkManager) halafu `networkctl` (ya systemd-networkd), utaona kila kadi iko chini ya nani. Kadi moja meneja mmoja, basi.

Kama ni laptop usijisumbue, baki na NetworkManager. Ubuntu ya desktopu na Fedora zinakuja nayo, na leo uko wifi ya ofisini, kesho umechomeka simu kwa USB, jioni VPN, vyote inavipokea bila wewe kufungua faili. Kuunga wifi ni `nmcli --ask device wifi connect JINA` (JINA ni jina la wifi yako), hiyo `--ask` inakuuliza paswedi pembeni ili isibaki kwenye historia ya terminali. Ukichoka kuandika ipo `nmtui`, menyu za kubofya kwa mishale. Na wa bando sikieni hii:

`nmcli connection modify JINA connection.metered yes`

hapo programu zinazojali, kama duka la GNOME, zinaacha kushusha apdeti zenyewe na kukumalizia MB.

Seva iliyokaa sehemu moja na waya wake ndo mahali pa systemd-networkd. Faili fupi tu ndani ya `/etc/systemd/network/`, liishie na `.network`:

```
[Match]
Name=enp3s0
[Network]
Address=192.168.1.10/24
Gateway=192.168.1.1
```

Wifi systemd-networkd peke yake haiwezi, itabidi uongeze iwd au wpa_supplicant (programu za kuunga wifi), na kwa laptop mi naona ni kujitafutia kazi.

Netplan ya Ubuntu isikuchanganye, sio meneja wa tatu, inasoma faili lako la mipangilio la YAML tu na kumkabidhi mmoja kati ya hao wawili. Ukiwa umeingia seva ya mbali kupitia mtandao kwa SSH tumia `netplan try` badala ya `apply`, usipothibitisha ndani ya sekunde 120 inarudisha ya zamani, ila kwa `apply` ukikosea umejifungia nje.

Wa Debian, mkiona kadi imeandikwa "unmanaged" (haisimamiwi) chungulieni `/etc/network/interfaces`, ikitajwa humo NetworkManager haiigusi. Weka # mbele ya mistari yake, acha ya `lo` (kadi ya ndani ya mashine yenyewe), kisha `systemctl restart NetworkManager`.