Somo: Kupanga vitufe vya simu kwenye LineageOS, tuanze na tochi

Stima ikikatika usiku Mkomani, hapa Lamu, vichochoro havikungoji uandike namba ya siri ndipo utafute tochi. Ushakanyaga mavi ya punda. Kwa wenye LineageOS, mfumo huria wa simu za Android uliorithi mfumo wa CyanogenMod mwishoni mwa 2016, dawa iko kwenye mipangilio, wala huhitaji kuruti simu, yaani kujipa mamlaka kamili juu ya mfumo.

1. Fungua Mipangilio, ingia Mfumo, kisha sehemu ya vitufe.

2. Kwenye kitufe cha kuwashia, ruhusu tochi kwa kubonyeza na kushikilia. Hufanya kazi skrini ikiwa imezimwa tu. Ikiwa inawaka, kushikilia huleta menyu ya kuzima simu kama kawaida. Hapo hapo chagua muda wa tochi kujizima. Usiliruke hili: simu ikibanwa mfukoni tochi huwaka yenyewe, na chaji huisha hujui.

3. Kwenye vitufe vya sauti, ondoa ruhusa ya kuamsha simu. Mnavyobanana kwenye boti ya Mokowe, skrini itawaka bure njia nzima.

4. Msikilizaji wa kaswida awashe udhibiti wa muziki. Skrini ikiwa imezimwa, shikilia sauti juu kwenda mbele, sauti chini kurudi nyuma.

Kukata simu kwa kitufe cha kuwashia kupo pia, ila mimi sipendi. Unataka kuzima skrini tu, kumbe ushamkatia mama.

MASWALI

Wa Shela: Mwalimu, kwangu sehemu ya kitufe cha nyumbani haipo. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, dada. Mfumo huonyesha vitufe ambavyo simu yenyewe inavyo. Chako cha nyumbani ni cha kugusa kwenye skrini.

Fundi, Langoni: Ustadh, mteja kitufe chake cha kuwashia kimekufa, na spea hakuna.

Jibu: Basi igeuze hatua ya 3, vitufe vya sauti viamshe simu. Kuzima skrini, washa kugonga mara mbili juu kwenye saa na betri.

Fundi, Langoni: Na sauti chini niifanye kamera moja kwa moja?

Jibu: Mipangilio haikufikishi huko. Kuna faili za .kl zinazopanga kila kitufe kifanye nini, mara nyingi ndani ya /system/usr/keylayout. Humo kila kitufe kina namba yake: 114 ni sauti chini, 115 sauti juu, 116 kuwashia. Lazima uwe na ruti, na uweke nakala kabla ya kugusa. Sasisho likija linaweza kufuta kazi yako, uanze upya. Simu ya mteja singeifanyia hivyo.