Kabla Hujaacha Kompyuta ya Mezani Ukanunua Laptopu

Wengi hapa Mombasa wanaihama kompyuta ya mezani kwa sababu ya stima. Barua imefika katikati, mteja amesimama mlangoni, mara giza, na kazi yote imekwenda. Laptopu inaondoa adha hiyo, sina ubishi. Lakini nimeona watu wakikimbia shida ya stima wakaangukia shida ya mashine yenyewe, na pesa zilishatoka. Haya ni kwa mwenye kazi: duka la kuchapa, ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, mwalimu, mwenye duka anayeweka hesabu zake.

Anza na kalamu na karatasi. Andika kila kazi ambayo kompyuta ya mezani inafanya kwa wiki nzima, na kila kilichochomekwa nyuma yake. Printa kongwe ndiyo husumbua zaidi. Windows 11 ni ya biti 64 tu, kwa hivyo printa ambayo draiva yake, ile programu inayoiunganisha na kompyuta, iliishia biti 32 za zamani haitachapa hata mstari. Tafuta modeli yake kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujatoka nyumbani. Skrini ya zamani usiitupe. Kukodolea macho kioo cha inchi 14 mchana kutwa kunaumiza shingo. Ikiwa ni ya VGA, tundu la picha la zamani, na laptopu ina HDMI, la kisasa zaidi, nunua kigeuzi. Ikiwa una mpango wa kutumia tundu la USB-C, fahamu kwamba si kila tundu la aina hiyo linapitisha picha. Beba kebo yako, uichomeke hapo hapo dukani uone.

Ukiambiwa "hii ni i5", yaani aina ya prosesa ya Intel, ubongo wa mashine, usinyamaze. i5 zinatengenezwa tangu 2009. Tazama namba inayofuata kistari: i5-3320M ni kizazi cha 3, i5-8250U ni cha 8, i5-1135G7 ni cha 11. Mimi nakata kwenye kizazi cha 8. Chini ya hapo Windows 11 haizikubali rasmi ila chache sana, na msaada wa kawaida wa Windows 10 Microsoft iliusimamisha tarehe 14 Oktoba 2025. Wapo mafundi wanaoilazimisha Windows 11 kwenye mashine kongwe. Inaingia, lakini Microsoft haikuahidi kuipa masasisho. Tena usidhani i5 ya laptopu ina nguvu sawa na ile uliyoizoea mezani. i5-6500 ya mezani ina kori 4, yaani vichwa vinne vya kufanyia kazi, na wati 65. I5-6300U ya laptopu, kizazi hicho hicho, ina kori 2 na wati 15.

RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue GB 8, na ukifanya kazi za kadi za harusi na mabango, 16. Uliza kama inaongezeka, maana nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Diski iwe SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka ndani, basi.

Betri usiipime kwa kuambiwa "inakaa saa nne". Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ifungue, kisha andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Ukiona 48,000 mWh kisha chini yake 26,000, karibu nusu imekwenda. Toa bei ya betri mpya kwenye bei unayopatana.

Sasa lile ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Mashine nyingi za mtumba zinazouzwa mjini zilikuwa za maofisi ya ng'ambo. Ofisi kubwa huzisajili mashine zake kwa Microsoft, ili mfanyakazi akiwasha mara ya kwanza na kuingia mtandaoni, mashine ijipange yenyewe kwa masharti ya ofisi. Usajili huo unafuata bodi ya mashine, kwa hivyo kubadilisha diski hakusaidii. Ofisi ikiiuza bila kuufuta usajili, mashine inaendelea kujijua kuwa ni ya ofisi ile, popote itakapokwenda.

Shangazi yangu ana kiduka cha kuchapa na kutoa kopi Mwembe Tayari. Alipata laptopu safi, kizazi cha 8, RAM GB 16, kioo hakina mkwaruzo. Kompyuta ya mezani akaitoa iwe sehemu ya malipo. Miezi ikapita, kazi inakwenda vizuri. Kufika Juni ikaanza kuganda, na fundi akashauri ifutwe, ipigwe Windows upya. Ushauri haukuwa na kasoro, na mafaili yote aliyahamishia diski ya nje kabla ya kugusa chochote. Ikafutwa. Ikawaka, ikauliza nchi, ikauliza kibodi, ikauliza Wi-Fi, fundi akaiunganisha. Ikazunguka kidogo, kisha ukatokea ukurasa mweupe wenye nembo ya kampuni moja ya London, unamkaribisha na kumtaka aandike barua pepe ya kazini na neno la siri.

Shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, njoo uone. Mashine inanidai barua pepe ya watu nisiowajua."

Na hiyo ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni. Ritani za KRA, mamlaka ya kodi, mwisho wake tarehe 30, na wateja wake wengi ni wale wanaokuja siku za mwisho na kitambulisho mkononi. Foleni ikahamia duka la pili. Mafaili anayo, mashine ya kuyafungulia hana, na ile ya mezani ilishauziwa mtu mwingine. Tulipomwendea muuzaji akasema, "Mama, hapa ilitoka ikifanya kazi." Ni kweli ilitoka ikifanya kazi: ilipangwa bila intaneti, ndiyo maana ukurasa ule haukutokea. Baadaye tulipata fundi aliyejua kuipitisha hivyo hivyo bila mtandao, lakini tarehe 30 ilikuwa imeshapita. Na hata leo, ikifutwa tena na kuunganishwa, itauliza swali lile lile. Wa kuondoa usajili ni kampuni iliyoisajili mashine. Tuliiandikia, haikujibu. Mashine inafanya kazi, ila shangazi hawezi kuiuza kwa mtu na roho yake ikatulia.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, taka mashine ifutwe mbele yako. Usiridhike na kuzimwa na kuwashwa. Ifutwe kabisa kupitia mipangilio ya Windows, ianze upya ikiwa imeunganishwa na data ya simu yako, na kibodi uishike wewe. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Kaa hapo, agiza kahawa, subiri. Ikikuomba akaunti yako ya kawaida ya Microsoft, hapo sawa. Ikitaja jina la kampuni, shule au halmashauri yoyote, irudishe kaunta uondoke, hata bei ishushwe vipi. Kisha ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayotangulia Windows, kwa kubonyeza kitufe inapowaka: Dell kwa kawaida ni F2, HP ni F10, ThinkPad za Lenovo ni F1. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji hana, iache pia. Na wenye kutaka MacBook wahakikishe mwenye mwanzo ameitoa kwenye akaunti yake ya Apple, la sivyo utabeba bati. Muuzaji akikwambia hana muda wa mambo haya, maduka ya Moi Avenue na Digo Road hayajaisha.

Jambo la pili lililomuumiza shangazi ni kuitoa ya mezani mapema. Usiiuze, usiitoe kwa malipo, usimpe mtoto wa ndugu, mpaka laptopu imepita kwenye msimu wako wa kazi nyingi. Kama ni ritani, ipite Juni. Kama ni mitihani, ipite mitihani. Ukihamisha mafaili, jua kwamba diski kubwa ya mezani ya inchi 3.5 haiwaki kwa kebo ya USB peke yake. Inataka chombo chenye umeme wake wa volti 12. Ile ya inchi 2.5 kebo inatosha. Nakala moja iende laptopu, nyingine ibaki diski ya nje, ndani ya droo.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Laptopu inayokaa kwenye chaja kutwa kucha, katika joto la kaskazi, betri yake huweza kufura. Ukiona sehemu ya kugusa imeinuka au mfuniko haufungi sawa, acha kuitumia, iende kwa fundi siku hiyo hiyo. Dell, HP, Lenovo na Asus nyingi zina mpangilio wa kuzuia betri isichajiwe kupita asilimia 80 hivi. Uwashe siku ya kwanza. Usiiweke juu ya kitanda wala mto, inaziba pumzi. Na ukinunua iliyotumika hapa hapa pwani, chungulia matundu ya USB na skrubu za chini kwa tochi ya simu. Ukiona ukijani au kutu, chumvi ya bahari imeshaingia, na ndani kunaweza kuwa vibaya zaidi.

Chaja isome: iandikwe 100 hadi 240V. Stima ikipotea laptopu itabaki hai lakini ruta itazima, kwa hivyo weka data ya akiba kwenye simu. Kompyuta ya mezani haikuibiwa ndani ya tuktuk. Hii itaibiwa ukizubaa. Kwenye feri ya Likoni begi liwe kifuani. Namba ya siriali iandikwe kwenye risiti, pamoja na muda wa kuirudisha, na upige picha risiti kabla wino haujafifia. Usitume pesa za M-Pesa kushikilia mashine uliyoiona kwenye picha tu. Usinunue jioni maduka yakikaribia kufungwa, utaharakishwa. Na ukimtuma mtu akununulie Nairobi, mpe haya yote kwa maandishi, asipande basi na mashine ambayo hajaifuta na kuiwasha mwenyewe.