Kifundo cha mguu kikiteguka, usikimbilie kuchua
Mtu anapokanyaga vibaya kwenye ngazi na kifundo cha mguu kikavimba upande wa nje, jamaa zake huwa wepesi kumchua kwa mafuta ya moto, ilhali hilo ndilo la kuepukwa katika siku 2 au 3 za mwanzo, kwa kuwa joto na kukandwa huzidisha uvimbe na damu inayovuja ndani. Afadhali barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hivi kwa kila mara, bandeji ya mpira isiyobana hadi vidole vikafa ganzi, na mguu uliopandishwa juu ya mito.

Ili kuamua nani apigwe eksirei, madaktari hutazama mambo machache: iwapo majeruhi hawezi kupiga hatua 4, hata kwa kuchechemea, au anaumia mfupa wenyewe unapobonyezwa kwenye ukingo wa nyuma wa nundu ya mfupa iliyo upande wa nje au wa ndani wa kifundo, kuanzia ncha yake ya chini hadi sentimita 6 kwenda juu, picha inahitajika. Mguu uliopinda au wenye jeraha linaloonyesha mfupa haungoji vipimo hivyo. Ni wa kupelekwa hospitali mara moja, bila kujaribu kuunyoosha.

Kano zilizovutika tu kwa kawaida hazihitaji plasta. Maumivu yakipungua, mgonjwa aanze kukanyaga taratibu, kisha ajizoeze kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika ukuta, kwani kifundo kilicholazwa mno hukakamaa na huteguka tena kwa urahisi.